Jani la Kimya

Nilipokuwa na umri wa kutumwa dukani, mimi sikutumwa dukani, nilitumwa mwambani. Watoto wenzangu pale Mlali walitumwa chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, wakaenda wakiimba na kurudi wakigombana. Mimi nilikwenda peke yangu na kurudi peke yangu, na njia nzima nilikuwa bubu. Nilikuwa mchumaji wa dawa, na dawa yenyewe haikutaka maneno.

Ngoja niieleze taratibu, maana kila nikiisimulia kazini watu hudhani nimetunga. Nyuma ya kijiji chetu kuna kilima cha mawe, majabali yaliyopandana, na katika nyufa za majabali hayo huota kangaga. Si lile kangaga refu la mabondeni linalopenda maji. Hili la kwetu ni dogo, halizidi kiganja, jani lake limechanikachanika kama unyoya wa kuku, na upande wa chini lina vumbi la kahawia. Halitoi ua wala tunda. Kiangazi linajikunja, linakauka, ukiligusa linataka kuvunjika, utaapa kwamba limekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake unalikuta limefunguka lote, kijani, utadhani lilikuwa linatucheza shere miezi yote ile. Watu wa kwetu waliliita jani la kimya, na walilitumia kwa kifua cha watoto wadogo.

Imani yenyewe ilikuwa hivi. Jani lile linasikia. Ukishalichuma, nguvu yake yote inakaa inamngoja mtu wa kwanza utakayemsemesha. Ukienda nalo moja kwa moja hadi kwa mgonjwa ukamwambia "pole", basi dawa imemwendea mgonjwa. Ukikutana na mzee njiani ukamwamkia "shikamoo", imekwisha hiyo. Dawa imemwendea mzee ambaye hata mafua hana, na mgonjwa atanyweshwa maji ya majani tu. Kwa hiyo mchumaji hasalimii mtu. Na watu, ili wasimtie majaribuni, wakimwona wanampa mgongo mpaka apite.

Sasa wewe fikiria ni wapi huko. Kwetu mtu akikwambia "mbukwa" ukamwitikia "mbukwa", hapo ndiyo kwanza mmeanza. Zinafuata habari za nyumbani, za shamba, za mvua, za ng'ombe mmoja mmoja, na yule aliyekuwa anaharisha je. Mtu asiyesalimia anaonekana mchawi au mgonjwa wa akili. Mimi nikiwa na miaka minane au tisa nilipita katikati ya watu hao nikitazama chini, na wao wakageuka wakatazama vichaka.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mchumaji ilibidi awe msichana ambaye hajavunja ungo, na awe mtoto wa peke yake kwa mama yake. Nilimwuliza Bibi sababu, naye akanijibu huku anapepeta karanga. "Mwenye ndugu, maneno yake yameshagawanywa tangu asubuhi. Huyu kamwambia nipishe, huyu kamwambia nipe changu. Wewe yako yamekaa tu."

Na kweli yalikaa. Kijiji kizima cha watu wenye watoto sita, wanane, mimi peke yangu ndiye sikuwa na wa kunifuata wala wa kunitangulia. Baba alifariki kabla sijamjua sura. Mama aliondoka nikiwa mdogo, akaenda Dodoma mjini kuuza nafaka sokoni Majengo, akaniacha kwa Bibi, mama yake. Aliahidi atakuja kunichukua akishapata chumba cha maana. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, na mimi kila gari likipunguza mwendo barabarani nilisimamisha kazi niliyokuwa nayo, nikatega sikio. Sikuwa na shida nyingine duniani. Nilishiba, nilivaa, Bibi hakunipiga ovyo. Nilitaka mama yangu aje anichukue, basi.

Siku ya kwenda mwambani Bibi alinichora mstari wa majivu katika paji la uso, ili watu wajue. Tatizo la majivu ni kwamba ukiyaosha watu hawasahau. Watoto wa rika langu walinizoea hivyo hivyo, nikiwa na majivu au bila majivu. Nikienda kisimani wananipisha. Nikiwakuta wanacheza rede wananiangalia mpaka niondoke. Kulikuwa na mmoja, mtundu kweli, alikuwa akipiga kelele, "Msimsemeshe huyo, mtakunywa dawa ya watu!" Wenzake wanacheka mpaka wanakaa chini. Nami nilicheka pia, nikijidai haijanichoma, halafu nikafika nyumbani nikamkuta paka nikamhadithia yeye.

Basi ikawa siku moja, karibu na Krismasi, mvua ya kwanza imeshanyesha, Mama Daudi akaja kwa Bibi amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda msibani. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Kitinda mimba wake, Ezekia, alikuwa bado wa kubebwa, na alikuwa amebanwa na kifua. Zahanati walishampeleka, akapewa dawa ya maji ya kunywa, lakini usiku kucha alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia na kutoka. Mama Daudi alishazika mtoto mmoja kwa ugonjwa wa namna hiyo. Kijiji kizima kilijua.

"Ya zahanati mpe, usiache," Bibi alimwambia. "Na hii utampa. Yunisi, njoo hapa."

Akanichora majivu. Mwenyewe mguu ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo akaniambia nikishachuma nisipitie nyumbani, niende moja kwa moja kwa Mama Daudi, maji yatakuwa jikoni. "Na huo mdomo wako," akasema, "uurudishe ulivyo."

Nilipanda kilima. Mvua ilikuwa imeacha majabali yanang'aa, na kangaga limefunguka kwenye kila ufa. Nilikuwa napapenda pale juu, lazima niseme ukweli. Pale kunyamaza kulikuwa hakunioneshi mjinga, maana hapakuwa na mtu wa kunisemesha. Tena barabara ya kutoka Kongwa ilionekana yote. Nikachuma, nikafunga majani kwenye pindo la kanga, na nilipoinua kichwa nikaona gari la abiria limesimama. Akashuka mwanamke mmoja ana begi. Akalitupia begi begani, akaanza kutembea akiegemea upande mmoja, na mimi moyo ukanilipuka. Mwendo ule niliujua. Mama alikuwa amekuja.

Nikateremka mbio, nikijikwaa, nimeushika mdomo kwa mkono mmoja na kanga kwa mkono wa pili. Ujanja niliokuwa nao ulikuwa mmoja: kufika kwa Mama Daudi kabla ya Mama kufika kwa Bibi, niseme ile pole yangu, kisha niwe huru. Lakini njia ya kilimani na njia ya barabarani zinakutana chini ya kilima. Tukakutana.

Alikuwa hatua chache tu mbele yangu. Aliniona. Nilimwona akiniona, macho yake yakatoka usoni kwangu yakapanda kwenye majivu. Akatua begi chini. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akatazama vichaka, kama anavyofanya mtu mzima yeyote wa Mlali.

Nilisimama. Kinywani neno "Mama" lilikuwa limejaa. Nikawaza, nikilisema hili, Ezekia atakufa. Nikawaza tena, na hili ndilo nililolitaka hasa, kwamba aseme yeye. Aniite. Akiniita yeye nitaitikia, haitakuwa kosa langu, na potelea mbali Ezekia. Ndiyo, niliwaza hivyo, nilikuwa mtoto. Nilingoja. Mgongo wake ulikuwa na gauni la maua ya njano ambalo sikuwa nalijua. Nilisikia harufu ya sabuni ya mjini. Hakusema kitu, hakugeuka, na mimi nikapita karibu naye kiasi cha kuweza kulishika lile gauni, nikaenda zangu.

Kwa Mama Daudi nilimkuta Ezekia mapajani mwa mama yake, uso umemvimba kwa kulia. "Pole, Ezekia," nikasema, nikamwaga majani kwenye ungo. Mama Daudi akaniweka nichochee moto mpaka maji yakatokota, ndipo nikatoka mbio bila kungoja kuambiwa asante.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Ndani, juu ya kitanda, kulikuwa na gauni jipya la Krismasi na viatu vyekundu. Mama hakuwepo.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Mjini. Gari lilikuwa linageuza."

"Mbona hakunisubiri, Bibi? Aliniona! Si aliniona njiani?"

Bibi akaanza kuukanda mguu wake. Nilikimbia mpaka barabarani nikakuta alama za matairi tu kwenye tope. Nilikaa pale kwenye tuta nikalia kwa sauti, na watu waliopita hawakuniuliza nina nini, kwa kuwa sikuwa nimeosha majivu. Nilivyorudi, Bibi alinijaribisha viatu. Havikuingia, vilikuwa vya mtoto mdogo kuliko mimi. "Tutavikata mbele," akasema, "vidole vitoke." Tukavikata.

Juma lile Bibi hakutulia. Kila alfajiri alijikokota na mguu wake mbovu hadi nyumbani kwa Mama Daudi, lakini haingii, anasimama nje karibu na ukuta, anasikiliza. Nilimfuata siku moja nikamwona ameegemea ukuta, amefumba macho, anasikiliza mtoto anavyokohoa. Nilidhani ni huruma tu. Baadaye kikohozi kikapungua, Ezekia akaanza kunyonya vizuri, akapona. Leo ni baba wa watu, anaendesha bodaboda Kongwa, na kila akiniona anapiga honi mpaka masikio yanauma.

Lakini mimi sikutumwa tena mwambani. Mtoto mwingine aliugua, Bibi akamwambia mama yake aende zahanati. "Na Yunisi je?" yule mama akauliza. "Yunisi ameshakua," Bibi akasema. Nilikuwa sijakua chochote. Kijijini wakasema mkono wangu umepoa. Ungedhani watoto sasa wangenikaribisha kwenye rede, lakini wapi, walikuwa wameshanizoea nilivyo, nami nimeshasahau namna ya kuanza maneno. Kwa hiyo nikabaki sina kazi na sina wenzangu, na hiyo ndiyo miaka niliyokuwa mpweke kweli kweli kuliko wakati wowote.

Nilichobaki nacho ni ile siku. Niliigeuzageuza kichwani mpaka ikawa hadithi nzuri. Nilijiambia kwamba mama yangu alinipenda kufa, alitaka kuniita, lakini alijizuia kwa ajili ya mtoto wa jirani. Nilijiambia kwamba tulinyamaza wote wawili, mimi na yeye, tukamwokoa Ezekia, na kwamba hakuna mama na binti waliowahi kufanya jambo kubwa namna hiyo. Nilijivunia. Hata nilipomaliza shule ya msingi na Mama akaja hatimaye, amemshika mkono mtoto wa kiume, akaniambia, "Huyu ni mdogo wako, Amani," sikumwuliza maswali wala sikuhesabu miaka yake. Nilikwenda sekondari ya bweni, likizo nikashukia Majengo, na nikampenda Amani. Mume wa Mama, baba yake Amani, alikuwa ameshaondoka zake wakati huo. Bibi naye alifariki nikiwa kidato cha pili.

Leo nafanya kazi katika maabara ya chuo kimoja hapa Dodoma. Kazi yetu ni kupima mimea inayotumiwa kama dawa, tuone ina nini. Ilipofika zamu ya kila mtu kupendekeza mmea wake, wenzangu walitaja miti yenye majina makubwa, mimi nikataja kangaga la mwambani. Profesa akasema haya, halijapimwa sana, lete.

Nilikwenda Mlali kulichuma na Dada Rehema, mwenzangu wa maabara, mtu wa Tanga, mwanamke asiyejua kunyamaza. Alimsalimia kila mtu tuliyempita, na mbuzi juu. Tulipofika kwenye majabali nikaanza kuchuma, na dakika nyingi zikapita.

"Shoga, umemeza ulimi?" akaniuliza.

Nilikuwa sijatambua kwamba nimenyamaza. Nikacheka, nikamsimulia yote, pamoja na habari ya Ezekia na ile ya Mama. Dada Rehema akakaa juu ya jiwe akafuta macho kwa mtandio. "Mwenzangu," akasema, "mama yako ana moyo wa chuma. Mie ningemwita mwanangu hata dunia ingepasuka."

Tuliyakausha majani kivulini, tukayasaga, fungu moja tukaliloweka kwenye spiriti na fungu lingine nikalichemsha kwa maji, kama alivyochemsha Mama Daudi. Tukachuja, tukapunguza maji mpaka ikabaki rojo nyeusi. Rojo hiyo unaidondosha kwenye vidude vya karatasi vidogo, unavipanga juu ya sahani ambamo vijidudu vya kifua vimeoteshwa, unafunga, unaondoka. Kesho yake unaangalia. Kama dawa inaua, kuzunguka kile kikaratasi kunakuwa na duara safi ambamo vijidudu vimeshindwa kuota.

Wiki zile nilikuwa nabaki maabara wenzangu wakishaondoka, nakaa tu na sahani zangu na mngurumo wa friji. Sina mume, sina mtoto, chumba changu kipo, lakini nilikuwa sina hamu nacho. Nilitaka lile jani lijibu. Nilikuwa nataka kitu fulani kiniambie kwamba ule ukimya wetu mimi na Mama ulikuwa na maana.

Majibu yalipokuja yalikuwa ya kawaida kabisa. Lile la spiriti lilitoa duara jembamba, la kutafuta kwa macho, tena kwa kipimo kikali. Lile la maji halikutoa kitu. Tulirudia, tukarudia tena. Dada Rehema alisimama nyuma yangu akaniwekea mkono begani, akasema, "Usinune. Duara jembamba nalo ni duara. Andika ripoti, lende mbele." Na ndivyo ilivyo katika kazi hii, hilo si baya, mwingine ataanzia pale tulipoishia. Lakini mimi lilinitia unyonge. Kama maji ya lile jani hayaui chochote, Ezekia aliponywa na nini? Dawa ya zahanati, bila shaka, au mwili wake mwenyewe. Basi tulinyamazia nini?

Jumamosi nikachukua bajaji hadi Majengo. Mama bado ana banda lake la nafaka, mtama, uwele, karanga, alizeti, na siku hizi anauzia akiwa amekaa kwa sababu ya magoti. Nilimwamkia, akanisogezea ndoo nikakaa juu yake. Nikamweleza yote kwa Kiswahili chepesi, sahani, vikaratasi, duara jembamba, na yale maji yasiyofanya kitu.

"Lakini Ezekia alipona," nikasema. "Mama, unaikumbuka ile siku? Ulivyogeuka njiani? Nimekaa miaka yote nikiamini tuliiokoa ile dawa mimi na wewe."

Mama alikuwa na kisado cha mtama mkononi. Akaumwaga mtama guniani, akauchota tena.

"Ile dawa," akasema, "ilikuwa imeshaharibika kabla hujaichuma."

"Iliharibikaje?"

"Amani alikuwa ameshazaliwa. Siku ile nilimwacha hapa Majengo kwa jirani, bado ananyonya. Nilikuja kumwambia Bibi yako. Alivyosikia tu, akashika kichwa, akasema, mtoto yuko njiani na majani na kumbe ana mdogo wake."

Nikaangua kicheko. Samahani, lakini kwa mtu wa kazi yangu ilikuwa ni kichekesho kweli. Kumbe jaribio lilikuwa limeshafanywa na hatukujua! Kwa sheria zao wenyewe dawa ile ilikuwa si kitu, nayo mtoto akapona vile vile. Nikamkumbuka Bibi ameegemea ukuta alfajiri, anangoja kusikia kama Ezekia bado anakohoa, maskini, na siri yake moyoni. Nikaelewa kwa nini nilikuwa "nimekua". Nilicheka mpaka mwenye banda la jirani akachungulia. Halafu kicheko kikanikauka, maana niliona jambo lingine.

"Mama. Tulipokutana njiani, ulikuwa unajua hayo."

"Nilikuwa najua."

"Unajua kwamba mimi si wa peke yangu tena. Dawa si dawa."

"Ndiyo."

"Sasa uligeuka kwa nini?"

Mteja akaja, mama mmoja na mtoto mgongoni, akauliza karanga. Mama akampimia, akamwongezea kidogo, wakaagana vizuri, habari za nyumbani, wasalimie. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikingoja.

"Baba yake Amani hakujua kama nina mtoto mwingine," Mama akasema alipokwenda yule. Hakunitazama. "Nilimficha. Niliogopa ataniacha, na kweli alikuja kuniacha. Nilipokuona na yale majivu nilimshukuru Mungu, Yunisi. Nikasema, afadhali, mtoto hataweza kuniuliza."

"Kukuuliza nini?"

"Kama nimekuja kukuchukua."

"Ningekuuliza," nikamwambia.

"Najua."

Niliumia, sitaficha. Niliumia kuliko nilivyoumia nikiwa mtoto pale kwenye tuta, kwa sababu wakati ule nilikuwa na watu wengi wa kuwalaumu. Dada Rehema, nilipomsimulia Jumatatu, alizilaani mila zote za Mlali na za Tanga kwa pamoja, akasema ndizo zinazotenganisha watu na watoto wao. Mimi siwezi kuzisingizia. Siku ile mila ilikuwa imetufungulia njia, hakukuwa na kitu cha kumzuia asiniite. Mila ilikuwa karibu tu, na mtu mwenye hofu hujifunika kilicho karibu.

Nilikaa na Mama mpaka akafunga banda. Tulisaidiana kusukuma magunia ndani, nikambebea kigoda chake hadi nyumbani, tukala mlenda na ugali wa uwele. Siwezi kusema nimemsamehe, hakuniomba, na siwezi kusema namchukia, kwa sababu si kweli. Ila ningependa ajue kitu kimoja, na siku nikipata namna ya kukisema nitamwambia. Mtoto yule aliyekuwa anapita nyuma yake alikuwa ameshazoea kukosa. Angeambiwa hapana, angelia, kisha angenyamaza, na angerudi kwa Bibi yake akijua kwamba mama yake amemwona, na hakumpa mgongo.